Mizani ya Mikono

Neno mizani lina nyumba mbili katika Kiswahili, na kwa miaka 34 niliyofundisha lugha hii katika shule za sekondari nilikaa katika moja tu. Mizani niliyoifundisha ni silabi za mshororo: 8 za ukwapi, 8 za utao, jumla 16, na mwanafunzi aliyepungukiwa na moja nilimwambia kwamba shairi lake linachechemea. Nyumba ya pili niliipitia dukani na sokoni, ikipima sukari na papa mkavu. Chimbuko lao ni moja, ni Kiarabu, mzizi uleule uliotupatia uzani. Mwaka juzi nyumba hizo mbili zilifunguliana mlango. Aliyeufungua ni binti mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyeiweka mizani ya kupimia watu chini ya mguu wangu wa kushoto akaniambia, "Baba, kanyaga mpaka mshale usome 20. Usizidishe."

Uzito wangu wakati ule ulikuwa kilo 68. Ukitoa 20 zinabaki 48, na kila nilipounyanyua mguu wa kulia ili nipige hatua, hizo 48 hazikuwa na pa kwenda isipokuwa mikononi. Kila mkono kilo 24. Ndoo kubwa ya maji, ile ya lita 20, haifiki hapo. Mwalimu mstaafu wa umri wa miaka 60 na ushei, ambaye kitu kizito alichozoea kukinyanyua ni kamusi, alitakiwa abebe ndoo na zaidi kwa kila mkono, hatua baada ya hatua, kutoka kitandani hadi barazani.

Nieleze kwa ufupi nilivyofika hapo, maana sehemu hii si tamu kuisimulia. Pikipiki ilinigonga katika njia ya Tanga, ikauvunja mguu chini ya goti, na jeraha lilikuwa wazi. Mfupa ukaingia usaha. Mwaka ulipokwisha nilikuwa bado na kidonda kinachovuja na mfupa usiounga. Katika hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam daktari aliziweka picha za eksirei mbele ya taa akanipa njia mbili. Ya kwanza ni kuukata mguu chini ya goti. Ya pili ni kuondoa kipande cha mfupa kilichokufa, sentimita 4, kuzikutanisha ncha mbili zilizo hai, kisha kuukata mfupa mahali pengine juu zaidi, palipo pazima, na kuurefusha kutoka hapo mpaka zile sentimita 4 zirudi. Nilichagua ya pili. Yeye hakuichagua upesi kama mimi. Alinionesha kiti chenye mikono akasema, "Kaa, shika mikono ya kiti, jiinue mpaka makalio yaachane na kiti, bila kutumia miguu. Mara 10."

Nilifika mara 2.

Akanieleza bila kunificha. Fremu ya chuma ingekaa mguuni miezi mingi. Mtu wa umri wangu asiyeweza kujibeba kwa mikono hulala, na akilala damu huganda katika mishipa ya miguu, kifua hujaa, mgongo huota vidonda, na goti na kifundo hukakamaa hata mguu ukirefuka hauna kazi. Misuli hupungua tangu ujana unapotuaga, na kitandani hupungua mbio. Alinipa wiki 8. Nikirudi na mara 10, atanipasua. Nisipofika, tutazungumza habari ya kukata.

Nilirudi Pangani na karatasi yenye michoro ya mtu asiye na uso akinyanyua vitu.

Hapa lugha iliniingilia kazini, kama kawaida yake. Katika karatasi ile iliandikwa kwamba mwenye magongo aweke uzito "mikononi". Mswahili akisema mkono amesema kila kitu tangu bega hadi ncha ya kidole, kama anavyosema mguu tangu nyonga hadi wayo. Lugha nyingine zimeugawa mkono kwa majina mawili makuu. Sisi tumeuacha mmoja, na sioni aibu katika hilo, kwa kuwa tuna maneno ya sehemu zake kwa anayeyataka: bega au fuzi, mtulinga, kwapa, kiwiko ambacho wazee huku hukiita pia kisugudi, kigasha, kiganja. Ila maneno hayo yamelala. Yule binti aliniambia kwamba wagonjwa wengi wakiambiwa "uzito uwe mikononi" huning'inia kwa makwapa juu ya magongo, na kwapa nalo ni mkono, hawajakosea Kiswahili. Lakini ndani ya kwapa hupita neva zinazoushughulikia mkono wote. Zikibanwa siku baada ya siku, kiganja hulegea, vidole vikashindwa kunyooka, na mtu aliyekuwa na mguu mmoja mbovu akawa na mkono mbovu pia. Kwa hiyo yeye huwaambia wagonjwa wake: uzito viganjani. Kichwa cha gongo kikae vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono unapouachia ukining'inia, na kiwiko kipinde kidogo. Nilimpongeza. Neno moja alilochagua vizuri limeokoa mikono ya watu, na sijui ni kitabu gani cha sarufi kinachoweza kudai hivyo.

Nimeandika magongo, na huenda msomaji wa bara ametabasamu. Gongo katika umoja wake limetekwa na pombe haramu, hata mtu akisema "siku hizi naishi kwa gongo" watu humwonea huruma isiyo yake. Mkongojo ungefaa, ila mkongojo ni fimbo ya uzee, ni mmoja na huja polepole. Haya mawili yalikuja ghafla.

Jirani yangu ni nahodha aliyeacha bahari, mtu wa miaka 70 na kitu, mwenye mabega ambayo watu wa hapa huyaeleza kwa kusema fulani ni mtu wa miraba minne. Jioni alinikuta barazani nikinyanyua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, akatazama kwa muda kama mtu anayemwona mtoto akicheza na kisu butu.

"Mwalimu, hicho ndicho walichokuagiza?"

Nikampa karatasi. Aligeuza michoro upande huu na upande ule, kisha akasema yule asiye na uso anavuta kama anayefungua dirisha. Kesho yake alikuja na roda mbili za jahazi, kamba ya katani na kiroba, akazifunga katika tawi la mwembe wangu. Kiroba akakijaza mchanga wa ufukweni, kilo 10 kwa kukisia, nasi tulipokipima baadaye zilikuwa 11.

Wasomaji wasio wa pwani: roda ni lile gurudumu lenye mfereji linalopitishiwa kamba, shuleni huitwa kapi. Kapi moja lililofungwa juu halikupunguzii uzito, linakugeuzia upande tu, ukavuta chini ili mzigo upande juu. Kapi la pili likifungwa kwenye mzigo wenyewe, uzito hugawanyika nusu kwa nusu. Nahodha hakusoma fizikia hiyo darasani. Alianza kunipa roda mbili, nikawa navuta kilo 5 na ushei, na baada ya wiki 3 akaiondoa moja bila kuniambia. Nilivuta, kiroba kikakataa. Akacheka, akasema tanga sasa ni zima.

Alinifundisha kwa maneno ya chomboni. Kupandisha ni kutweka, kushusha ni kutua. Kutweka wanaijua wengi, alisema, kutua hawakijui: wanaiachia kamba, foromali linaanguka, chombo kinatikisika. Tua kwa kuhesabu. Nilipomweleza hayo yule binti kwa simu alisema ndivyo hasa, kushusha mzigo polepole hujenga msuli sawa na kuunyanyua, pengine zaidi, na kwa mwenye magongo ndiyo kazi yenyewe, kwa kuwa kila hatua ni mwili unaoshushwa. Neno lingine la nahodha nililiandika ukutani kwa chaki: mkono hushika, mgongo huvuta. Alinisimamia nyuma, akanigusa chini ya mabawa ya mabega, akasema mpiga makasia anayevuta kwa mikono hulala njaa, kabla ya kufika kwenye samaki ameshachoka. Nikajifunza kuanza kuvuta kutoka hapo alipogusa. Misuli hiyo mipana ya mgongoni, pamoja na ile ya nyuma ya mkono inayokinyoosha kiwiko, ndiyo inayombeba mwenye magongo. Kifua na ule msuli wa mbele ambao vijana hupenda kuutunisha mbele ya kioo hufuata kwa mbali.

Niongeze jambo kuhusu kamba ile. Mkonge wa nchi hii ulianzia hapa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto wetu. Mashamba yote ya mkonge ya Tanga na kwingineko yalitoka humo. Viganja vyangu vilichubuliwa na vizazi vya miche 62, na baada ya mwezi vikaota sugu ambazo sikuwahi kuwa nazo.

Nilisomea ualimu Korogwe, na mazoezi ya viungo chuoni yalikuwa mchakamchaka alfajiri na mpira jioni. Yote ya miguu. Mikono tuliihesabu kuwa ya jembe na chaki. Baadaye niliwaamsha wanafunzi wangu kwa mchakamchaka uleule. Sasa nilikaa chini ya mwembe nikiwaza neno zoezi lenyewe, ambalo tumelipata katika kuzoea. Vijana husema "kupiga tizi", na mmoja wao, niliyemfundisha kidato cha pili, aliniletea vyuma vyake vya kienyeji, makopo mawili yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Tizi ni neno changamfu, sina ugomvi nalo, nalo linafaa kwa mtu wa miaka 20 anayekuja mbio na kuondoka mbio. Mimi nilihitaji lile la zamani. Sikuwa nakwenda kupiga kitu. Nilikuwa nauzoeza mwili mzigo ambao ungekuwa wake kwa muda mrefu.

Kuhusu pumzi. Mzee akinyanyua kitu kizito huzuia pumzi bila kujua, na presha hupanda. Yule binti alinikataza, akasema niwe nahesabu kwa sauti, kwa kuwa anayesema hawezi kuzuia pumzi. Lakini kuhesabu moja, mbili, tatu kunachosha akili kuliko kiroba kinavyochosha mgongo. Siku ya pili nilianza kuhesabu kwa mshororo. Kila mvuto silabi moja: ukwapi kwa mkono wa kulia, utao kwa wa kushoto, 8 na 8. Mshororo ulionidumu ni huu, ambao ni wangu na siudai kuwa na thamani nyingine:

Refuka mfupa wangu, mkono nao ubebe.

Re, fu, ka, m, fu, pa, wa, ngu. Ile "m" inayosimama peke yake, ambayo wanafunzi huisahau wakati wa kuhesabu, sijapata kuiona wazi kama nilipoivutia kilo 11. Mishororo 4 ni ubeti, na ubeti ni mivuto 64. Wiki ya 8 nilijiinua kwenye kiti cha daktari mara 12, na yeye akaandika kitu bila kusema neno.

Njia hii ya kurefusha mifupa ina historia ambayo inatuhusu watu wa pwani kuliko tunavyodhani. Aliyeibuni ni Gavriil Ilizarov, daktari katika mji wa Kurgan, Siberia, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Pete za chuma huuzunguka mguu, nyaya nyembamba hupenya nyama na mfupa kutoka upande hadi upande na kukazwa kwenye pete kama spoki za baiskeli. Mfupa hukatwa kwa uangalifu, huachwa siku kadhaa, kisha ncha zake huachanishwa milimita 1 kwa siku, nayo hugawanywa mara 4, robo kwa robo. Katika upenyo huo mwili hujaza mfupa mpya, na ngozi, mishipa na neva hufuata. Ukivuta upesi, mfupa hauotei na neva hulia. Ukichelewa, ncha huungana kabla ya wakati. Umoja wa Sovieti ulianza kumjua vizuri Ilizarov alipomtibu Valeriy Brumel, bingwa wa kuruka juu katika Olimpiki ya Tokyo ya 1964, ambaye mguu wake ulisagika katika ajali ya pikipiki mwaka 1965. Brumel akarudi kuruka zaidi ya mita 2.

Nchi za magharibi zilichelewa kujua, na aliyezifikishia habari alikuwa Mwitalia, Carlo Mauri, mpanda milima na msafiri, aliyechechemea miaka mingi kwa mguu uliovunjika. Mauri alikuwa baharia wa Thor Heyerdahl katika vyombo vyake vya matete. Mmojawapo, Tigris, uliundwa Iraki mwaka 1977, ukapita Ghuba hadi Maskati, ukaenda pwani ya Pakistani, ukavuka hadi Jibuti, na huko mwaka 1978 mabaharia wenyewe wakauchoma moto kupinga vita vilivyouzunguka. Miongoni mwa mabaharia hao alikuwamo daktari wa Kisovieti. Mwaka 1980 Mauri alikwenda Kurgan, akapona, na mwaka uliofuata Ilizarov akaalikwa Italia kuwafundisha madaktari. Nilimsomea nahodha habari hiyo. Hakushangazwa na mfupa. Alishangazwa na matete. Aliuliza mambo mengi kuhusu tanga lake na pepo walizozipanda kutoka Maskati, kisha akasema, "Kumbe dawa yako ni ya mabaharia," na kuanzia siku hiyo aliiangalia fremu yangu kwa macho mengine.

Nilirudi nyumbani na pete 4 mguuni na spana namba 10, ileile ya fundi baiskeli. Nati zilikuwa na alama ya rangi ya kucha, aliyoipaka mjukuu wangu ili tusipoteze upande. Robo mzunguko baada ya Alfajiri, robo baada ya Adhuhuri, robo baada ya Magharibi, robo kabla ya kulala. Mke wangu alishika spana, nami nilishika ukingo wa kitanda, ingawa robo yenyewe haiumi. Maumivu huja usiku, kama jino. Kila baada ya robo nilivuta mshororo mmoja. Siku moja, milimita 1, ubeti mmoja. Sikupanga hivyo. Robo zilikuwa 4 na mishororo ya tarbia ni 4, nami nimefundisha tarbia maisha yangu yote.

Siku ya 25 eksirei ilionesha kwamba mfupa mpya ni hafifu, kama ukungu. Daktari akaamuru robo 3 badala ya 4. Nilimwambia kwamba amenishusha kutoka tarbia hadi tathlitha, na kwa kuwa hakuwa mtu wa mashairi aliniuliza kama nina homa. Nikamuuliza binti, je, nipunguze na mikono? Akasema la, mikono haina ukungu, iendelee na nne. Basi kwa siku 20 nilikuwa na mshororo wa usiku usio na nati, ukining'inia peke yake kama kibwagizo. Siku ya 45 zilitimia milimita 40.

Ningependa kusema kwamba kazi ilikwisha hapo. Kurefusha ni sehemu fupi. Kukaza ndiko kurefu. Fremu ilikaa mguuni miezi 8 kwa jumla, mfupa ukiimarika kidogo kidogo, na kila jioni mke wangu alisafisha matundu ya nyaya kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Tulikula samaki, kunde na mayai kwa amri. Na hapa ndipo niseme mikono ilifanya nini hasa, kwa kuwa watu wakisikia mazoezi ya nguvu hufikiria kifua kipana.

Choo cha nyumba yetu ni cha kuchuchumaa, kama vyoo vingi vya mji mkongwe, na mwenye pete mguuni hachuchumai. Fundi seremala alitengeneza kiti chenye tundu na mikono miwili imara. Kukaa ni kutua, kuinuka ni kutweka. Mke wangu ana mgongo uliochoka kwa kuzaa, kubeba na kuinamia jiko kwa miaka 40, na katika wiki za kwanza baada ya ajali, kabla ya nahodha na roda zake, alikuwa ananikumbatia kifuani na kuniinua, wote wawili tukitetemeka, naye akigeuza uso pembeni ili nisione kwamba anauma meno. Nimeoana naye tangu nikiwa na nywele nyeusi. Hakuna jambo nililolichukia katika ugonjwa wote, si usaha, si nyaya, kama kule kugeuza uso. Siku ya kwanza baada ya kupasuliwa nilipoingia chooni peke yangu, nikatua peke yangu, nikatweka peke yangu na kutoka nikiwa nimefunga kikoi changu mwenyewe, alikuwa amekaa nje ya mlango juu ya ndoo iliyogeuzwa, akisubiri kuitwa. Alinitazama nikipita kwa magongo. Akasema, "Chai iko mezani," akaenda zake.

Mwezi wa 5 nilianza kutoka mjini. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya mwendo mbovu, nami nilisikia karibu yote nikipita: anachechemea, anakwenda chopi, anaguchia, anajikokota. Watoto walikuwa wa haki kuliko wakubwa, walisema "Shikamoo Mwalimu" na kuuliza kama pete zinapata kutu. Neno nililolipenda alinipa mama mmoja muuza vitumbua karibu na kivuko. Aliniona nimesimama nikipumzika, magongo mbele, kilo 20 mguuni, nikiyumba kidogo. Akasema, "Mwalimu leo amesimama dede." Dede ni kusimama kwa mtoto ambaye hajaanza kutembea. Sikulisikia kama dhihaka.

Kivuko chenyewe, kile kinachokwenda Bweni, nilikiogopa kwa muda. Maji yakijaa, mteremko wa kupandia ni mpole. Yakipwa, ni mkali na una utelezi. Kupanda kwa magongo kunataka mguu mzima utangulie na magongo yafuate. Kushuka, magongo yatangulie. Katika kushuka ndimo mikono hufanya kazi yote. Nilikaa siku nyingi nikisoma maji badala ya magazeti, nikavuka mara ya kwanza maji yakiwa yamejaa, na mara ya pili yakiwa nusu. Maji makavu sikujaribu mpaka fremu ilipotoka.

Fremu ilitoka. Mguu wa kushoto sasa ni mfupi kwa milimita 6, ambazo daktari anasema hata viatu havizijui. Natembea kwa fimbo moja. Goti hukakamaa asubuhi, na kifundo hakijarudi kupinda kama mwenzake. Bega la kulia, lile la chaki, linanikumbusha kila mvua ikikaribia kwamba kazi ya miezi 8 haikuwa bure kwake. Yule binti aliniambia nisiache mikono, kwa sababu mzee akianguka ni mikono inayomdaka, na mwenye mfupa mpya hana ruhusa ya kuanguka vibaya. Kwa hiyo roda ile moja ipo bado mwembeni, na kiroba sasa kina kilo 16, nilichagua hivyo kwa sababu ambayo wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa. Nahodha huja jioni, hukaa kivulini na kunihesabia kwa sauti ya chomboni. Mashairi hakuyasoma, naye bado hataki kuihesabu "m" ya mfupa. Anasema hiyo si silabi, ni mtu kufunga mdomo. Tumebishana juu yake tangu Ramadhani, na mjukuu wangu amempa yeye haki.